Kila Lundo Lina Mabega Yake

Somo letu limetoka katika Kitabu cha Yoshua, sura ya nne. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiyekuwa nayo na atege sikio, maana habari yenyewe ni fupi, na mtu akiisikia mara moja haimtoki.

Wana wa Israeli wamekwisha kuuvuka mto Yordani. Maji yalizuiliwa, makuhani wakasimama katikati ya mto pamoja na Sanduku la Agano, na watu wote wakapita pakavu. Ndipo Yoshua akawaita wanaume kumi na wawili, mmoja kutoka kila kabila, akawaagiza waingie katikati ya mto, na kila mmoja ajitwike jiwe moja begani mwake. Mawe hayo yalichukuliwa mpaka kambini, yakasimamishwa huko Gilgali, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazee wawe na neno la kuwajibu.

Tuitazame amri hiyo vizuri. Yoshua hakusema mawe yaletwe mengi kadiri iwezekanavyo. Hakutaka lundo refu la kuwatisha Wakanaani. Aliyahesabu mawe kwa mabega: jiwe moja, bega moja, kabila moja. Katika lundo lile la Gilgali hapakuwa na jiwe hata moja lisilokuwa na mtu wake.

Ndugu zangu, dunia imejaa malundo. Ukifungua historia ya nchi zetu, ukasoma habari za kazi, za biashara na za vita, utakuta malundo kila ukurasa: magunia yamepangwa ghalani, robota zimepangwa bandarini, masanduku yamepangwa kambini. Lakini malundo hayo hayafanani na lile la Gilgali. Ndani yake mtu ametoweka. Tunaona mali, hatuoni bega. Wahenga wetu waliyajua hayo waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni kitu chepesi. Ukiutia katika kanda, kanda likajaa mpaka mdomoni, bado mtoto ataliinua. Ndivyo mzigo unavyoonekana machoni pa asiyeubeba. Asubuhi hii tunataka kuyazunguka malundo matatu: moja la biashara, moja la kazi, na moja la vita. Tutauliza katika kila moja: ni nani aliyeyabeba haya?

Lundo la kwanza ni la biashara, nalo ni lundo la pembe za ndovu. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe duniani. Pembe zilitoka bara, kutoka Unyamwezi, kutoka Manyema na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zilipita Ujiji na Tabora, zikateremka mpaka Bagamoyo, kisha zikavushwa kwa majahazi mpaka kisiwani. Huko zilirundikwa katika nyua za matajiri, zikingoja meli. Nyingine zilikwenda Bombay, nyingine London, nyingine Marekani. Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na miji midogo miwili, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kuzipasua pembe hizo kuwa vitana na vibao vyeupe vya piano. Na jina hilo la Ivoryton maana yake ni mji wa pembe. Kutoka Marekani, kwa upande wake, ikaja nguo ya pamba ambayo hata leo twaiita merikani.

Tajiri aliihesabu mali yake kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, yaani yapata kilo 16. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, na juu ya hizo akaongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kutoka Tabora mpaka pwani ilikuwa safari ya miezi miwili au mitatu kwa miguu, kwenye jua na kwenye matope, nyuma ya kirangozi aliyetangulia msafara. Tusidhani kwamba wote walikuwa watumwa. Wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira, wakaiona kazi ile kuwa ni ya kiume na ya heshima. Lakini wengine walikuwa watumwa kweli, waliotembea shingo zao zikiwa zimefungwa, na mwisho wa njia yao ulikuwa soko la Unguja, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Basi, wapendwa, fikirini jambo hili: pembe zikisha kurundikwa uani, ni nani angeweza kuitambua ile iliyobebwa na mtu huru na ile iliyobebwa na mtumwa? Zote zilikuwa nyeupe. Zote zilipimwa kwa mizani ile ile.

Na nyuma ya mbebaji yuko kiumbe mwingine. Ndovu ana pembe mbili tu. Pembe mia mbili ni ndovu mia moja walioanguka, na macho ya mnunuzi hayakuwaona. Ndiyo maana tarehe 18 Julai 1989, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Rais Daniel arap Moi alilitia moto lundo la tani 12 za pembe; na tarehe 30 Aprili 2016, katika hifadhi hiyo hiyo, ziliteketezwa tani 105. Wapo waliouliza kwa nini mali nyingi namna ile ichomwe katika nchi yenye maskini. Jibu lilikuwa kwamba maadamu pembe ya aliyekufa ina bei, aliye hai hana usalama. Moto ule uliwafumbua watu macho, wakaona kwamba kile walichokiita hazina kilikuwa ni lundo la mauti.

Lundo la pili ni la kazi. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika katika pwani yetu ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka katika miche hiyo 62 mkonge ulienea Tanga, Morogoro na kwingineko, mpaka Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1964 zilipatikana zaidi ya tani 230,000 za singa. Haba na haba hujaza kibaba, wasemavyo wazee. Lakini hapa twataka kuuliza ni mkono gani uliotia hiyo haba.

Mkata mkonge aliamka kabla ya mapambazuko. Alikata jani, akaondoa mwiba wa ncha, akayafunga majani 30 kuwa tita moja, akalibeba mpaka kando ya reli ndogo ya shamba, akaliweka juu ya mengine. Jua lilipopanda, nyapara alipita kuhesabu. Kazi ilikuwa kwa kipimo, na siku ambayo kipimo hakikutimia haikuandikwa katika kipande chake. Kutoka pale majani yalikwenda kwenye korona, mashine ya kuyasaga, na singa zikaanikwa, zikasuguliwa, zikafungwa robota, robota zikapangwa bandarini zikifikia dari la ghala.

Wakataji hao wengi walitoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuwaandikisha, lililojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa ajili ya namba hiyo watu wakawaita manamba. Nyumbani mama alimpa mwanawe jina, akamwita kwa jina hilo alipolia na alipocheka. Shambani akapewa namba, akaitika kwa namba. Yuko aliyerudi kwao na baiskeli na nguo mpya. Yuko aliyebaki huko, akaoa, akazaa, na wajukuu wake ni Watanga leo. Na yuko ambaye barua zake zilikoma, na kwao hawakupata kujua alizikwa wapi.

Hapa Maandiko Matakatifu yanatuwekea watu wawili, kila mmoja na lundo lake la nafaka. Wa kwanza ni yule tajiri wa mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Luka, ambaye shamba lake lilizaa sana. Sikilizeni anavyoongea peke yake: ghala ni zake, mavuno ni yake, nafsi ni yake, miaka mingi ijayo ni yake. Katika shauri lake lote hakuna mvunaji hata mmoja. Utadhani ngano ile ilitembea yenyewe kutoka kondeni. Wa pili ni Boazi wa Bethlehemu. Huyu alipofika kondeni alianza kwa kuwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia. Kisha akamwona msichana mmoja mgeni akiokota masazo, akauliza habari zake: huyu ni wa nani? Boazi naye alikuwa na lundo la shayiri. Maandiko yanasema alilala kando yake usiku. Kilichomtofautisha na yule tajiri si ukubwa wa lundo. Ni kwamba yeye aliuliza habari za mtu mmoja. Na kwa swali lile moja, Ruthu Mmoabi aliingia katika ukoo wa Daudi.

Tulifikie sasa lundo la tatu, lundo la vita. Ndugu zetu wa Dar es Salaam, mnaposhuka Kariakoo kununua mchele na vitenge, jina lile mnalitamka kila siku. Ndugu zetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao. Jina hilo ni Kiingereza kilichogeuka Kiswahili. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Wazungu walipigana wao kwa wao juu ya ardhi yetu. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Kwa hiyo masanduku ya risasi na magunia ya unga yaliyorundikwa bandarini na katika vituo vya reli yalikuwa na njia moja tu ya kulifikia jeshi: kichwa na bega la Mwafrika.

Mwanzoni wengine walijiandikisha kwa hiari. Lakini kuanzia mwaka 1915, katika nchi ambayo leo ni Kenya, sheria iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake walitumika wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka nchi mbalimbali, na wanakadiriwa zaidi ya 95,000 waliokufa. Hao ni mbali na wale waliobebeshwa mizigo ya Wajerumani, ya Wabelgiji na ya Wareno. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na homa ya mapafu. Waliuawa na unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusu, ambao matumbo yao hayakuuzoea. Wao pia walipewa namba, zikachorwa kwenye vibati wakavivaa. Na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao.

Vita vilipokwisha, zilisimamishwa sanamu za kumbukumbu, ya Dar es Salaam mwaka 1927 na ya Nairobi mwaka 1928. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa pale, na makaburi yao mengi yaliachwa yarudie pori. Zaidi ya miaka mia moja ikapita. Mwezi wa Aprili mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake yenyewe, ikaomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wapendwa, mizigo ile ilikuwa na hesabu. Gunia lilijulikana uzito wake, sanduku lilijulikana idadi ya risasi zake. Aliyepotea katika hesabu ni mbebaji.

Ndipo tunaporudi Gilgali, tukaona jinsi hesabu ya Mungu inavyotofautiana na hesabu ya mwenye ghala. Mwenye ghala huanza na moja, akaongeza moja, akaendelea mpaka apate lundo. Akisha kulipata, ile moja haina maana tena. Mungu huanza na lundo, akashuka mpaka amfikie mmoja. Ndivyo alivyofanya yule mchungaji mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Kwa hesabu ya soko, hasara ya mmoja katika mia ni ndogo, husamehewa. Kwa hesabu ya mbinguni, mmoja huyo ndiye anayefanyiwa safari usiku.

Na yuko mpagazi mmoja ambaye Injili haikumwacha bila jina. Siku ile Bwana wetu alipokuwa akipelekwa Golgotha, nguvu zilimwishia njiani, na askari wa Kirumi walimshika mpita njia atokaye shamba, wakamlazimisha auchukue msalaba. Hakuulizwa kama ataka. Hakupatana ujira. Alikuwa mtu wa Kirene, mji wa Afrika ya Kaskazini, katika Libya ya leo. Kwa askari wale alikuwa bega tu, lililopatikana karibu. Lakini Marko anatuambia jina lake, Simoni, na hakuishia hapo: anatutajia na wanawe, Iskanda na Rufo. Majina ya askari waliomshika hatukuachiwa. Jina la aliyebeba limesomwa makanisani miaka karibu elfu mbili. Mungu wetu ndiye huyo, wapendwa. Yeye humwandika mpagazi.

Basi, tufanye nini? Neno la kwanza ni kwa wenye kubebewa, na kwa namna moja au nyingine sote tumo humo. Makaa yaliyopangwa kando ya barabara yana aliyeyachoma. Nyanya zilizopangwa mafungu sokoni zina mama aliyeamka saa tisa usiku. Gunia linaloshushwa kutoka kwenye lori lina kijana ambaye mgongo wake haujapona la jana. Tusipite kama yule tajiri aliyeongea na nafsi yake peke yake. Tusalimu kama Boazi. Tuulize jina. Na ujira tuliopatana tuutoe siku yake, kabla jua halijatua, kama Torati ilivyoagiza. Maana mtu maskini huutazamia huo, na akimlilia Mungu, husikiwa.

Neno la pili ni kwa jamaa zetu zote. Huenda katika ukoo wenu yuko babu aliyechukuliwa Kariakoo akapotea, au mjomba aliyekwenda mkonge hakurudi. Pengine habari zake zinajulikana na bibi mmoja tu aliyesalia, naye umri umekwenda. Msingoje. Mchana wa leo, baada ya chakula, mwendeeni mkamwulize: aliitwa nani? alikuwa mtoto wa nani? alitoka hapa mwaka gani, akapita njia gani? Andikeni jina hilo katika ukurasa wa kwanza wa Biblia ya nyumba yenu, au katika daftari litakalotunzwa. Tume imeomba radhi, nalo ni jambo jema. Lakini majina yale hayamo katika makabati ya tume. Yamo vinywani mwa wazee wetu, na kila msimu yanapungua. Jina mtakaloliandika ni jiwe mlilolitoa katikati ya mto. Siku moja mtoto atauliza, nanyi mtakuwa na neno la kumjibu.

Neno la tatu ni kwako wewe unayebeba. Unayesikiliza redio hii kwenye kivuli cha ghala, ukingoja lori. Au jikoni, na ndoo ishirini za maji zimekwisha kupita kichwani pako tangu alfajiri. Watu wanaona lundo, na wewe hawakuoni. Aliyebeba mti begani mwake akaanguka nao njiani anakuona. Anajua mzigo wako si kanda la usufi. Anajua una jina, na kwa jina hilo atakuita.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaagiza kumi na wawili kila mmoja na jiwe lake, uwakumbuke waliobeba wakasahauliwa, walio katika makaburi yaliyofunikwa na majani na wasiokuwa na kaburi. Ufungue macho yetu tuone bega chini ya kila mzigo. Utupe midomo ya kuuliza majina, na mikono isiyochelewesha ujira. Na siku utakapoyatazama malundo yote ya dunia, utukute tumesimama upande wa wale uliowahesabu mmoja mmoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.